Barafu juu ya prosesa: Raha ya dakika tano, kilio cha usiku kucha

MAMA mmoja wa makamo aliingia sebuleni kwangu Jumatatu asubuhi. Hakukaa, chai hakuitaka, akauliza neno moja tu: "Iko wapi?"

Alikuwa mama wa bi harusi. Alichokuwa anakiulizia ni video ya harusi ya binti yake, ambayo mpwa wangu alikuwa ameahidi kuikabidhi siku mbili nyuma. Na sababu ya video hiyo kutokuwepo ilikuwa imelala juu ya meza ya kulia chakula: kigae cheupe cha sentimeta nne kwa nne, chembamba kuliko kidole, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Nasimulia mkasa huu kwa sababu najua wapo vijana kibao mjini hapa wanaokitazama kigae hicho kwa jicho la tamaa. Mimi mwenyewe nilikitamani. Sitajifanya mjanja baada ya mambo kuharibika.

Geto la uani

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu Sinza. Mchana yuko chuo, jioni na wikiendi anapiga video za harusi na kitchen pati. Usiidharau kazi hiyo, ndiyo inayomlipia nusu ya ada. Ofisi yake ni chumba cha uani chenye dirisha moja na bati juu. Ikifika saa nane mchana ukiingia humo unatoka umelowa.

Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, ya aina zile zinazomaliza muda wake kwenye maofisi ya Ulaya halafu zinaletwa kwetu. Prosesa yake imeandikwa wati 65. Akianza kuunganisha picha na kuzitia madoido, joto la prosesa linapanda mpaka nyuzi 92 au 93. Hapo inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kazi ya saa mbili inakuwa ya saa tano, na wateja wa harusi unawajua, hawana subira.

Jioni moja akaja mbio.

"Anko, shikamoo. Nimepata dawa."

"Marahaba. Dawa ya nini tena?"

"Ya joto. Kuna kitu unakipachika juu ya prosesa kinatoa barafu. Hakina gesi, hakina kompresa, hakina kinachozunguka. Unakipa umeme tu."

Nilimwambia mimi kitu kinachotoa barafu bila kutoka jasho nakiogopa. Nilikuwa natania. Ningejua kwamba jasho ndilo litakalotumaliza, ningenyamaza.

Mtengeneza saa wa Ufaransa

Kitu chenyewe si kipya hata kidogo. Jina lake kinalipata kwa Jean Peltier, Mfaransa aliyeanza maisha kama fundi saa kabla ya kujitosa kwenye sayansi. Mwaka 1834 aligundua kwamba ukipitisha umeme mahali metali mbili tofauti zilipoungana, pale penye kiungo joto linabadilika. Upande mmoja unapoa, mwingine unapata moto. Mwaka 1838 Heinrich Lenz, akiwa Urusi, aliweka tone la maji kwenye kiungo cha bismuthi na antimoni, akapitisha umeme, tone likaganda. Akageuza mkondo wa umeme, likayeyuka.

Baada ya hapo kitu kikalala zaidi ya miaka 100. Metali za kawaida zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo. Ni miaka ya 1950, zilipokuja semikondakta, hasa mchanganyiko wa bismuthi na teluriamu, ndipo kigae kikawa cha kuuzika.

Na kuna ndugu yake anayefanya kinyume: ukipasha moto upande mmoja na kupoza mwingine, unapata umeme. Hiyo aliiona Thomas Seebeck mwaka 1821. Wasovieti walitengeneza redio za kijijini zilizopata umeme kutoka kwenye joto la taa ya mafuta. Vyombo viwili vya Marekani vinavyoitwa Voyager, vilivyorushwa angani mwaka 1977, vimepata umeme wao kwa njia hiyohiyo kwa miongo zaidi ya minne, huko mbali ambako jua halifai kitu. Kwa hiyo usidhani ni mchezo wa watoto.

Tone la mezani

Mpwa wangu alikwenda Kariakoo akanunua kigae kwa Sh. 15,000. Kimeandikwa namba 12706. Ile 127 ni idadi ya jozi za vipande vya semikondakta vilivyobanwa ndani, na ile 06 ni ampea sita zinazoweza kupita. Akanunua na pawa saplai yake ya volti 12, Sh. 60,000. Muuzaji, nampa haki yake, alimwambia asije akakiwasha bila kipoza upande wa moto. Basi akachukua pia kipoza kikubwa cha alumini chenye mapezi, mabomba ya shaba na feni pana kama sahani, Sh. 70,000. Mshiko wote huo ulitoka kwenye kianzio alichopewa na yule mama. Harusi ilikuwa ya Sh. 600,000, na alishalipwa nusu.

Tulikijaribu mezani kwanza. Tukakibandika juu ya kipoza, feni ikazunguka, nikadondosha tone la maji juu ya kigae kwa kijiko. Tukawasha.

Msomaji, haikufika hata dakika mbili. Lile tone likawa jeupe, likagoma kutikisika. Nililigusa kwa ukucha, ni barafu! Barafu juu ya meza yangu Sinza, bila friji, bila kelele. Watoto wakapiga makofi. Mama watoto akatoka jikoni kuona, akasema, "Sasa hiki si tungekitia kwenye ndoo ya maji?" Mpwa wangu alikuwa anacheka peke yake kama aliyekula bingo.

Huo ndio utamu wa kigae, na sitaupunguza. Feni, hata iwe ya bei gani, haiwezi kukishusha kitu chini ya joto la chumba. Kama chumba kina nyuzi 32, feni inakuishia 32 na ushee. Kigae kinavuka mstari huo. Tena ni kidogo na chenyewe hakipigi kelele. Unakiongoza kwa umeme tu, ukitaka baridi zaidi unaongeza, ukitaka kidogo unapunguza. Hata ukigeuza nyaya kinakuwa pasi.

Nyuzi 17!

Ijumaa usiku tukakifunga kwenye kompyuta, kigae juu ya prosesa na kipoza juu ya kigae. Mpwa wangu alikuwa amesoma kwamba ubaridi unaleta maji, akatafuta dawa. Wale vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakizikimbiza kompyuta miaka ya mwisho ya 90 walipaka rangi ya kucha kuzunguka prosesa ili maji yasifike kwenye nyaya. Mama watoto alikuwa na chupa moja, ile isiyo na rangi. Ilikwisha yote.

Tukawasha. Kompyuta ikiwa imetulia, haifanyi kazi, programu ya kupima joto ikaonyesha nyuzi 17. Chumba kina 31, prosesa ina 17! Tulikumbatiana.

Akafungua ile harusi, akabonyeza ianze kuunganisha. Dakika ya kwanza, nyuzi 40. Ya pili, 68. Ya tano, 90. Ya nane, 96, na mwendo ukashuka kuliko ulivyokuwa kabla hatujagusa chochote.

"Anko, mbona kimekuwa kimeo?"

Nilibaki natazama kioo. Sikuwa na jibu usiku ule. Nilikuja kulipata baadaye, nikiwa na karatasi na kalamu, na kwa kweli lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote.

Hesabu tuliyoiruka

Kigae hakiui joto. Kinalibeba tu kutoka upande huu kwenda upande ule, kama kuli. Na kuli huyu anakula. Kile cha 12706 kinaweza kubeba wati 50 na kitu, tena hiyo ni pale pande zote mbili zina joto sawa, yaani hakuna ubaridi wowote unaoupata. Ukitaka tofauti ya joto kati ya pande mbili ikue, mzigo anaoweza kubeba unapungua. Ukitaka tofauti ile kubwa kabisa inayotangazwa, nyuzi 65 au zaidi, mzigo unakuwa sifuri. Ndiyo maana tone la maji liliganda. Tone si mzigo.

Prosesa iliyotulia inatoa wati chache, kuli anacheka. Prosesa inayounganisha harusi inatoa wati 65, kuli anapiga magoti. Hapo kigae hakisaidii tena, ni kizuizi kilichokaa katikati ya prosesa na kipoza.

Na chakula chake je? Kilikuwa kinavuta kama wati 60 za umeme, na hizo zote zinageuka joto. Kwa hiyo kipoza chetu cha Sh. 70,000, badala ya kutupa nje wati 65 za prosesa, kilitakiwa kutupa wati 125. Tulikuwa tumeongeza jiko ndani ya jiko.

Kompresa ya eyakondishena kwa wati moja ya umeme inahamisha wati tatu hivi za joto. Kigae kwenye kazi kama hii mara nyingi kinakula sawa na kinachohamisha, au zaidi. Mpwa wangu alikuwa na wazo la kununua kigae kikubwa zaidi. Nilimwandikia: kigae cha kula wati 200, saa nane kwa siku, ni uniti 1.6. Kwa mwezi ni uniti 48. Hapo bado kompyuta yenyewe, na bado lile joto lote linabaki humohumo chumbani kwake chini ya bati. Mwenye LUKU ni mimi. Wazo likafa.

Lakini niwe mkweli, kuna wakati kigae kilifaa. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei poa, Celeron 300A, ya megahezi 300, ambayo vijana wengi waliikimbiza mpaka 450. Prosesa za wakati ule zilitoa wati 20 hivi. Kwa mzigo huo, kigae kizuri na kipoza kizuri vilikuwa dili kweli, na waliovitumia hawakuwa wajinga. Ilipofika mwaka 2004 Pentium 4 mpya zilikuwa zimevuka wati 100. Kuli ni yuleyule, mzigo umekuwa mara tano.

Jasho la usiku

Tungeishia hapo, ingekuwa hasara ya Sh. 145,000 na kicheko. Kosa ni kwamba tulichoka. Mpwa wangu aliiacha kompyuta imewashwa, ametulia nayo kigae pia, akasema ataangalia asubuhi. Usiku mvua ikanyesha.

Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji, iweke mezani Dar es Salaam. Baada ya muda inavuja jasho, meza inalowa. Maji yale hayatoki kwenye chupa, yanatoka hewani. Hewa yetu ya pwani imejaa maji: ikiwa chumba kina nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini kinaanza kulowa. Nyuzi 26! Hiyo si barafu, hiyo ni ubaridi wa kawaida tu. Mtu wa kwenye chumba cha nyuzi 20 na unyevu asilimia 50 ana nafasi ya kushuka mpaka nyuzi 9 kabla hajaona tone. Wale waliotusimulia raha za kigae hawakuwa wakiishi Sinza.

Na sisi tuliacha prosesa kwenye nyuzi 17, mvua inanyesha, dirisha wazi.

Rangi ya kucha tulikuwa tumepaka mbele, kuzunguka prosesa. Nyuma ya ubao hatukupaka. Ubaridi ulipita mpaka nyuma, maji yakajikusanya huko taratibu, tone kwa tone. Saa tisa na nusu usiku nikasikia mlio kama mtu amekanyaga njugu, halafu harufu. Nilimkuta kijana wa watu amesimama gizani na tochi ya simu, hasemi kitu.

Fundi alipoufungua Jumamosi alitazama mara moja tu. Ule ubao mkuu, wanaouita madabodi, ulikuwa na doa jeusi nyuma ya prosesa. Hautengenezeki. Prosesa ilipona, kumbukumbu ilipona, na diski yenye harusi, namshukuru Mungu, ilikuwa mbali na maji.

Yule fundi akatuambia kitu kingine ambacho hatukukifikiria: hata kusingekuwa na maji, siku pawa saplai ya kigae itakapokufa peke yake huku kompyuta inaendelea, kigae kinageuka ukuta kati ya prosesa na kipoza. Feni inazunguka, wewe unaona mambo shwari, kumbe ndani kunaungua.

Wenye hela nao

Nilidhani sisi ni washamba tu, kwamba wakubwa wanaweza. Kumbe Intel wenyewe waliliingia hili mwaka 2020. Wakishirikiana na EK na Cooler Master, walitoa mfumo wa kigae uliounganishwa na maji ya kuzunguka kwenye rejeta, kwa ajili ya prosesa zao kubwa za kizazi cha 10. Bei ilikuwa zaidi ya dola 300. Ulikuwa na vipima unyevu na programu iliyokuwa inachungulia hewa ya chumbani na kukizuia kigae kisishuke chini ya kiwango cha umande. Yaani walifanya kila kitu ambacho sisi hatukufanya.

Kwenye kazi nyepesi ulikuwa moto wa kuotea mbali. Prosesa ilipobanwa, wati 200 na zaidi zikaanza kumiminika, faida ikayeyuka, kama kwetu. Mwaka 2023 Intel walitangaza kwamba hawaendelei nao. Nilivyosoma hivyo nilipata nafuu ya moyo, ingawa haikunilipia madabodi.

Kigae kinatakiwa mahali penye mzigo mdogo na nidhamu kubwa. Vinapoza leza zinazotuma mawasiliano kwenye nyaya za kioo, vinapoza kamera za darubini za nyota, na kwenye mashine za maabara za kuzidisha DNA ndivyo vinavyopandisha na kushusha joto kwa haraka. Huko ampea chache hazimuumizi mtu. Na kama ofisini kwenu kuna dispensa ya maji ya bei rahisi, ile isiyonguruma, inayotoa glasi mbili za ubaridi halafu ya tatu inakuja vuguvugu, basi umeshakutana na kigae. Hujui tu.

Turudi kwa mama

Mama wa bi harusi alisimama pale sebuleni. Mpwa wangu akatoka uani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Iko wapi?"

Alimweleza yote, hata tone la barafu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akakichukua kigae, akakigeuza, akauliza, "Na hiki ndicho kilichokula harusi ya mwanangu?" Kisha akasema anataka video Jumatano saa nne, na kwamba kwenye ile nusu iliyobaki atakata Sh. 150,000. Hakukuwa na mtu wa kubishana.

Diski ikapelekwa kwa rafiki yake mwenye kompyuta, wakakesha siku mbili. Jumatano saa tatu na nusu kazi ilikabidhiwa. Madabodi nyingine ya mtumba ilikuwa Sh. 180,000. Ukijumlisha na kigae, pawa saplai na makato ya mama, ni Sh. 405,000. Ada ya muhula ikasogezwa mbele mwezi mzima, na mimi ndiye niliyekwenda chuoni kuomba.

Sikukihesabu kile kipoza kikubwa cha Sh. 70,000, na kwa sababu. Fundi aliporudisha kila kitu alikifunga moja kwa moja juu ya prosesa, bila kigae katikati, akapaka pesti ya kijivu katikati yao, akafuta vumbi la miaka. Mpwa wangu akafungulia kazi nzito kuliko zote alizokuwa nazo. Nusu saa nzima, joto likakwama kwenye nyuzi 66. Mwendo haukushuka hata kidogo.

Tulikuwa tumeinunua dawa siku ya kwanza, tukaitumia kupozea ugonjwa.

Kigae bado ninacho. Jumapili moja moja watoto wanakiomba, tunagandisha tone, wanapiga makofi. Mama watoto hapigi. Anadai chupa yake ya rangi ya kucha.